Ndiyo ya Mama Stamatia

Mama yangu alifariki Bukoba mwezi wa pili mwaka tisini na nane, na mimi sikulia. Kaka yangu Zefania alinipigia simu kuuliza kama waahirishe maziko. Nikamwambia wazike tu, karatasi zangu bado, nikitoka Marekani sirudi. Nikaweka simu chini nikaenda kumwogesha mtu. Najua huko nyumbani walisema Dorothea ana moyo wa jiwe. Jiwe wapi? Nilikuwa nimekufa ganzi, basi, na ganzi haina sauti.

Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee Rockville, nyumba ya kawaida tu ya vyumba vinne. Mwenye nyumba ni Lorraine, Mkenya, muuguzi, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi, na ndiye aliyekuwa ananifuatilia hizo karatasi. Chumba cha nyuma walilala bibi wawili, Mama Stamatia, Mgiriki, na Bi Ok-soon, Mkorea. Wote wajane, wote walikuja Marekani wakiwa watu wazima wakajifunza Kiingereza cha dukani na cha basi. Kisha mmoja akapigwa na kiharusi, mwingine akaingiwa na usahaulifu wa uzee, na Kiingereza kikawatoka wote wawili. Kila mmoja akabaki na lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Lorraine alisema tutumie picha, picha ya kikombe, picha ya choo. Nikamwambia hawa si watoto wa chekechea. Nikanunua daftari, nikapiga mstari katikati, upande huu Kigiriki, upande huu Kikorea. Maji ni nero, na kwa Bi Ok-soon ni mul. Naumwa ni ponao, kule ni apa. Na ndiyo, sikiliza maajabu, ndiyo ni ne huku na ne kule. Watu wa mbali namna hiyo, hawajawahi hata kuazimana chumvi.

Baada ya miezi sita nilikuwa nawalinganisha kama mtu anayelinganisha wakwe zake. Sisi mtendaji tunamweka mbele ya neno: nataka, unataka. Mgiriki anamfunga mkiani: thelo ni nataka, thelis ni unataka. Mkorea mara nyingi hamtaji kabisa, ujue mwenyewe nani anataka. Tena Mkorea anaweka tendo mwisho, anakusimulia jambo zima nawe hujui limetendeka au halikutendeka mpaka afunge mdomo. Na heshima! Siku moja nilimwuliza Bi Ok-soon kama anataka kula, mjukuu wake wa kike akashika kichwa. Nilikuwa nimesema kama ninavyomwambia mtoto. Kwa mkubwa hata neno la kula hubadilika. Yaani Mkorea ana shikamoo ndani ya kila kitenzi, na mimi miezi yote ile nilikuwa napita bila kuamkia.

"Doro, wewe siku hizi ni Umoja wa Mataifa," Lorraine akawa ananitania. "Nikuongezee mshahara au nikununulie bendera?"

"Niongezee mshahara."

"Chukua bendera."

Ujuaji ule ndio ulioniponza.

Mama Stamatia alikuwa na sukari. Mwezi wa tatu, wiki tano baada ya mama yangu kuzikwa, vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kuwa vyeusi. Tukampeleka hospitali, mimi na mwanawe Perikles, mtu wa miaka hamsini, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mpole, anayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Mama yake alimlea kwa Kigiriki, yeye akajibu kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, ikawa hivyo. Tunawajua watoto hao, hata sisi tunao.

Daktari akasema njia ni mbili. Wakate mguu chini ya goti, huenda akaishi miaka. Au waache, wampe dawa za maumivu, na hapo ni wiki kadhaa. Perikles ndiye aliyekuwa na haki ya kusaini, lakini daktari akataka kwanza kujua mgonjwa mwenyewe anasemaje. Kwa hiyo Perikles akamwinamia mama yake, akapitisha kiganja chini ya goti lake kama kisu, akasema kwa Kiingereza wanataka kuukata ili upone, unakubali? Akaongeza neno moja la Kigiriki, podi, mguu.

Kusema kulikuwa kumemwia vigumu tangu kiharusi. Siku nzuri alitoa neno, siku mbaya alitumia kichwa. Siku ile aliinua kidevu, nyusi zikapanda juu, macho nusu yakafumba, na ulimi ukalia kidogo mdomoni. Nikadhani kinywa kimemkauka.

Perikles akanigeukia. "Anasemaje? Wewe ndiye unayemwelewa."

Kwetu ukimwuliza mtu jambo akainua nyusi, amekubali. Hata mtoto anajua. Nilikuwa nimetoka shifti mbili mfululizo, nimesimama pale kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya. Sikufikiri. Nikasema, "Amekubali."

Perikles akasaini. Wakakata kesho yake asubuhi.

Aliporudi Rockville alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akigeukia ukuta, hali chakula, haniangalii. Bi Ok-soon alisogeza kiti chake pembeni ya kitanda akawa anamsemesha Kikorea, taratibu, kama anayemhadithia mambo ya kwao, na mara mojamoja Mama Stamatia alimjibu kwa Kigiriki. Mimi nikija, kimya. Nilijua amekasirika, sikujua kwa nini. Tena nilimlaumu. Amekubali mwenyewe, nilisema moyoni, sasa ananinunia nini?

Mwezi wa tano akaja mama mmoja wa kanisani kwake, Bi Anthi, amebeba mkate wa jibini kwenye bati la kuokea. Akakata kipande, akampelekea mdomoni. Mama Stamatia akainua kidevu, nyusi juu, ulimi ukalia. Bi Anthi akarudisha kipande kwenye bati na kufunika.

"Mbona unamnyima?" nikamwuliza. "Si amekubali?"

Bi Anthi akanitazama kwa huruma. "Hapana, mwanangu. Hiyo kwetu ni hapana. Hiyo ndiyo hapana kubwa kuliko zote."

Nikaenda bafuni nikafungua maji. Nikajitazama kwenye kioo. Nikakumbuka vijiko vyote vya supu niliyompa miezi ile, kila mara akiinua kichwa mimi nasema haya, vizuri, namtia mdomoni, anatema, nami naandika kwenye kitabu cha zamu kwamba ni mbishi. Nikakumbuka na mguu. Nilitegemea kutetemeka, kutapika, kitu chochote. Hakikuja. Nikafunga maji nikarudi kazini.

Jioni nilimwambia Lorraine. Akaketi kwenye ngazi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tuishie hapo. Doro, nakuomba kama dada yako. Ukimwambia yule mwanawe atatu-sue, atupeleke kortini, nyumba itafungwa, na wewe karatasi zako zinaenda na maji. Mguu hautaota tena."

Alisema kweli yote. Ukweli wa Lorraine ni kama uji wa moto, huwezi kuukataa wala huwezi kuumeza. Nikakaa nao siku tatu.

Siku ya nne nilipomaliza kumfunga bandeji upya, nilivuta kiti. Nilikuwa nimetafuta maneno kwenye daftari, nikapata machache. Signomi, nikamwambia, nisamehe. Nikagusa kifua changu. Nikainua kidevu na nyusi kama yeye, nikasema ochi, yaani hapana. Kisha nikaonyesha masikio yangu, macho yangu, nikasema mimi nilisikia ne. Nikagusa pale mguu ulipoishia. Nilirudia mara mbili, na vitenzi vyangu bila shaka vilikuwa takataka.

Akageuka kutoka ukutani. Akanitazama. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia anipige. Midomo ikahangaika, mate yakamtoka pembeni, nikayafuta. Mwishowe likatoka neno moja, jina la mwanawe kwa Kigiriki, kwa sauti ya kuuliza.

"Periklis?"

Hakuuliza habari zangu. Mimi nilikuwa mgeni, mgeni akikosea lugha amekosea. Alikuwa anauliza kuhusu mwanawe, kama naye hakuielewa hapana yake. Nikamwambia sijui. Den xero, hayo nilikuwa nayo.

Jumapili Perikles alikuja kama kawaida, na maua ya duka la vyakula. Nikamzuia koridoni kabla hajaingia. Lorraine alikuwa jikoni na najua alikuwa anasikiliza, maana sahani zilinyamaza.

"Kule hospitali nilikosea," nikamwambia. "Mama yako alikataa. Kile kichwa kilikuwa hapana. Mimi nikasema ndiyo. Ni kosa langu, na mimi ndiye wa kushtakiwa, si nyumba hii."

Akayaweka maua juu ya kiti. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Najua," akasema.

"Umejuaje? Bi Anthi amekwambia?"

"Dorothea, nimekua ndani ya nyumba yake. Baiskeli alininyima kwa kichwa kile. Msichana niliyempenda alimkataa kwa kichwa kile. Sijui Kigiriki, lakini hicho nakijua."

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliniuliza mimi?"

Akayashika tena yale maua. "Jumapili nilikuwa nakuona ukimlisha. Anakataa, wewe unasema haya, vizuri. Sikuweza kumwacha afe. Na sikuweza kusaini nikiwa nimesikia hapana. Nilijua wewe utasema ndiyo."

Hapo kikanipanda kitu cha moto. Ilikuwa hasira. Tangu mwezi wa pili sikuwa nimesikia chochote mwilini mwangu, si njaa, si huzuni, na sasa nilikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima. Siku zote hizo nilikuwa nimebeba mguu wa mama yake mgongoni, kumbe ndiye aliyenitwika mzigo ule akijua.

"Nimemweleza mama yako," nikasema. "Ametaja jina lako. Anauliza kama ulijua."

Perikles akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa wazi nusu. Ndani Bi Ok-soon alikuwa akisema jambo kwa sauti ndogo.

"Nimwambie nini? Siwezi hata kuzungumza naye. Sina lugha."

"Kichwa unacho," nikamwambia. "Ingia ukamjibu."