Spika za Wakwe

Mzee Sheikhan hakutaka makubwa. Tangu apooze upande mmoja hajashuka ngazi za ghorofa ya tatu, na uwakili wa kumuozesha bintiye Lujain ameshampa mdogo wake. Alichomuomba Twaha, fundi muziki, ni kimoja tu: aisikie ndoa ya mwanawe kutoka pale pale kitandani, kwa masikio yake.

Twaha akaona kazi hiyo nyepesi kuliko kumenya karanga. Chini mtaani, pale turubai lilipofungwa toka nguzo ya umeme hadi ukuta wa duka la vitenge, akaweka amplifaya yake na spika moja. Ya pili akaipandisha juu, akaitua kando ya kitanda, waya ukaning'inia dirishani kama kamba ya kuanikia. Kila spika ina ohm nane za kuuzuia umeme. Ukiziunga pamoja amplifaya inaona nne, na nne ndiyo mwisho wake; ikishuka chini ya hapo inaungua. Mgongoni iliandikwa hivyo, na Twaha, tofauti na wenzake wengi wa Kariakoo, alikuwa na tabia ya ajabu ya kusoma maandishi.

Ndipo wakaja wakwe kutoka Buguruni, na mkwe haji mikono mitupu. Fikirini, mjomba wa bwana harusi, alishuka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, na spika mbili, kila moja kama kabati la vyombo, zimevishwa maua ya plastiki. Mchango wa upande wa mume.

Twaha akachungulia nyuma ya spika hizo: ohm nne kila moja. Mchango wa mkwe haukataliwi; ukiukataa siku ya ndoa, utasemwa mpaka wajukuu waoe. Akajaribu kwa upole. Akaeleza kuwa amplifaya ni pampu ya maji, kila spika ni bomba umelifungua, na hizi za ohm ndogo ni mabomba mapana. Pampu itasukuma mpaka iungue. Fikirini akamsikiliza kwa heshima zote, kama mtu anavyosikiliza tangazo la dawa ya mende.

"Fundi, kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Yako inahangaika peke yake. Hizi zimekuja kuisaidia."

Ndugu wa pande zote wakaitikia. Na nani angebisha? Mzigo ukizidi unaongeza mabega. Kwa spika ni kinyume, mabega yenyewe ndiyo mzigo, lakini hakuna aliyewahi kumtungia Twaha methali ya hilo.

Akafanya alichoweza. Akazifunga zote nne kwa mfuatano, umeme upite moja ndipo uingie nyingine, hesabu ikatoka salama. Ila sauti ikawa ya mgonjwa. Wakwe wakatazamana. Kina mama wakauliza kama spika za Buguruni zimefunga saumu. Twaha akacheka nao, kisha akapanda juu kumsogezea mzee spika sikioni kabla shehe hajaanza.

Yuko amepiga goti kando ya kitanda, kaswida ikalipuka kwa nguvu hata vikombe vikalia kabatini. Twaha hakuhitaji kuchungulia kujua Fikirini kafanya nini: kazichomeka zote pamoja, hii kwenye hii, zishikane mikono. Amplifaya sasa inaona ohm moja na ushei.

Mzee Sheikhan akatabasamu kwa upande wa uso uliobaki.

"Safi sana, mwanangu. Acha hivyo hivyo."

Twaha akainuka akimbilie ngazi. Mzee akadhani anaaga. Akamshika kwa ule mkono mzima, akamvuta akae, maana kaswida ilishakatwa na shehe alishakohoa kwenye maiki. Hutoki chumbani kwa baba wa bibi harusi hotuba ikianza. Ikaja hotuba, tamu, kila herufi mahali pake. Twaha akawa na dua yake pembeni: dakika chache tu, Mola wangu, halafu amplifaya nitaizika mwenyewe. Mdogo wa mzee akasema nimekuozesha, akataja jina la Lujain na la baba yake. Mzee akafumba macho.

Spika ikalia tap, basi. Kimya.

Akijinyoosha dirishani, kwenye upenyo wa turubai, Twaha aliona watu wanageuka, Fikirini anaipigapiga amplifaya kama anayemwamsha mlevi, shehe anaonesha kwa mkono waendelee. Ndoa haisubiri umeme. Bwana harusi akafungua mdomo. Ghorofa tatu, na bodaboda zinapiga honi, na wauza nguo wananadi, hakikufika kitu.

"Keshajibu?" mzee akauliza.

"Keshajibu, mzee. Kakubali."

"Kwa sauti gani?"

Twaha akaitazama spika. Mzee hakumwachia mkono. Alikuwa bado ameligeuzia lile boksi sikio, anangoja.