Mama Lilian Harudishi

Ibada ilikuwa haijafika hata kwenye mahubiri, na Magdalena alikuwa ameshachungulia dirishani mpaka jirani yake kwenye benchi akamfinya. Nje, katikati ya mikungu ya ndizi, trei za mayai na jogoo aliyefungwa miguu, ilikuwa imeegemezwa baiskeli ya mbio. Ilikuwa nyembamba kila mahali. Tairi nyembamba, fremu nyembamba, kiti chembamba kama kisigino cha kiatu cha mchuchumio, na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Mzungu mmoja aliyejitolea kufundisha chekechea aliiacha kwa kanisa siku aliporudi kwao, na leo ingepigwa mnada pamoja na sadaka nyingine za mazao.

Magdalena, ambaye mtaani wote walimwita Mama Lilian, aliitaka ile baiskeli kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu aolewe, na kuolewa kwenyewe hakukutaka sana.

Kazi yake ilikuwa kufunga maua waridi kwenye shamba moja chini kule, ng'ambo ya Usa River. Zamani kulikuwa na basi la wafanyakazi. Dizeli ilipopanda, basi likaondolewa "kwa muda," na muda huo ukaota mizizi. Bodaboda nao wakapandisha nauli, mpaka ikawa mtu anafanya kazi ili alipe bodaboda impeleke kazini. Basi Magdalena akawa anatembea. Geti lilifungwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na magoti yake hayakuwa na haraka. Wiki iliyopita alilikuta limefungwa mara mbili. Msimamizi alimwambia kwamba safari ya tatu asijisumbue kurudi, wanaoitaka nafasi yake wamejaa.

Tena Magdalena alikuwa mnene. Tuseme wazi, maana kwao kule mlimani watu hawasemi wazi. Wanasema umenawiri, wanasema mjini kumekukubali, wanasema mwili huo haukosi. Hakuna aliyeamini kwamba mtu mwenye mikono ile anaweza kunywa uji usio na sukari mwisho wa mwezi. Kukiwa na mchango wowote, fungu lake lilipangwa karibu na la mwenye duka, na akilalamika wanacheka, wakidhani anatania. Nesi wa zahanati peke yake ndiye aliyemtazama kwenye mzani bila kumpongeza. Alimwambia kutembea umbali ule kunamla magoti, na kama angepata baiskeli ingemsaidia kuliko dawa.

Ibada ikaisha. Waumini wakatoka na kuzunguka meza, na Mzee Dismasi, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaanza kunadi. Mnada wa pale una utaratibu wake, na mgeni asipoelezwa atadhani watu wamerukwa na akili. Mtu ananunua mkungu wa ndizi, analipa, halafu anasema, "Narudisha." Unauzwa tena. Wa pili naye analipa, anamzawadia mchungaji au bibi fulani mgonjwa. Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mara nne kabla haujafika jikoni. Maskini hununua mayai akaenda nayo, hakuna anayemsema. Lakini mwenye nacho hurudisha, ndiyo heshima yake.

"Baiskeli ya Ulaya," Mzee Dismasi akaita. "Nyepesi, hata kifaranga anaibeba. Nani anaanza?"

Magdalena akaanza. Watu wakageuka. Mwenye duka akaongeza dau, akitabasamu. Magdalena akaongeza. Mwenye duka akapandisha tena, si kwamba anaitaka, alikuwa anachangamsha mnada tu, na mwenzake mwenye mwili ule ataumia nini? Mgao wote wa kikoba, akiba aliyoweka na wenzake, ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga yake. Alikisikia kile kifundo kikimchoma kiunoni. Akataja kiasi chote.

Mwenye duka akainua mikono. Makofi yakapigwa.

"Mungu akubariki Mama Lilian," Mzee Dismasi akasema, akipokea fedha. "Huyu ndiye mama. Sasa wapendwa, mnajua mwinjilisti wetu Nelson anazunguka kwa wagonjwa kwa miguu mvua ikinyesha. Mama Lilian anarudisha kwa ajili ya nani?"

Hakuuliza kama anarudisha. Mwinjilisti Nelson, kijana mpole mwenye viatu vilivyolika upande, alishaanza kusogea mbele, amekunja mikono kifuani kwa shukrani. Magdalena aliuona ule mtego, na kibaya zaidi hakuna aliyeutega kwa ubaya. Wote waliona jambo moja tu linalowezekana. Baiskeli kama ile na mama kama yule walikutana vipi, kama si kwa sadaka?

"Sirudishi," akasema.

"Unasema?"

"Sirudishi, mzee. Nimenunua ya kwangu, ya kupanda."

Mtu nyuma akacheka kwa pua, na kicheko kikaenea kwa wanawake waliokuwa wamefunika midomo kwa vitambaa vyao vya kwaya. "Itambeba?" mmoja akauliza, sauti ya chini ya kusikika. Magdalena alitamani ardhi ipasuke, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika usukani.

Mzee Dismasi akainama karibu yake, akaongea taratibu kama anavyoongea na wafiwa. "Mama, usituaibishe. Mwinjilisti ni mtumishi. Wewe ni mtu mzima, unajua taratibu zetu."

"Mwinjilisti nampenda, mzee. Lakini kesho akichelewa kwa mgonjwa, mgonjwa atamsubiri. Mimi nikichelewa nafungiwa geti. Na pikipiki yake tuliichangia mwaka juzi, kila nyumba. Mwulizeni aliyeshika ile fedha."

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Dismasi akanyoosha koti lake na kumnyanyua jogoo. Mwinjilisti Nelson peke yake ndiye aliyemfuata mpaka njiani, akamwambia, "Mama, mimi sikuiomba." Magdalena akamjibu kwamba anajua, na kweli alijua, na ndiyo maana alilia kidogo alipofika kwenye kona ya migomba.

Alasiri akaisukuma mpaka barabarani kwa Koikai, fundi baiskeli, Mkatoliki aliyesali misa ya kwanza na kufungua banda kabla jua halijawaka. Koikai alilikandamiza gurudumu la nyuma kwa viganja viwili, akatikisa kichwa.

"Mama, nisikufiche. Kwa uzito wako hili halifiki mwisho wa mwezi. Spoku zenyewe chache. Lilitengenezwa kwa mtu mkondefu wa mashindano."

"Sema tu kwamba mimi mnene."

"Wewe mnene," Koikai akasema bila kucheka. "Na gunia la viazi ni zito, mbona linabebwa kila siku? Shida ni gurudumu."

Alikuwa na baiskeli ya mtumba iliyovunjika fremu, ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa na rimu nene na spoku zilizosongamana. Akaipanua fremu ya ile ya mbio kidogo kwa nyuma, akalipachika, akahangaika na breki, akavisha tairi pana zaidi lililopita kwa kubana. Lile jembamba akasema abaki nalo liwe ndiyo malipo, wapo vijana wa mashindano huko mjini watalitaka. Kisha akajaza upepo mpaka tairi likagoma kubonyea.

"Upepo usikubali upungue, hiyo ndiyo dawa yako. Ukiona shimo, nyanyuka kwenye kiti, simama kwenye pedeli. Usikae kama umekaa kwenye kochi."

Magdalena alijifunza baiskeli akiwa msichana, kwenye ile nyeusi ya baba yake iliyobeba ndizi kwenda soko la Tengeru. Hii haikufanana nayo hata kidogo. Alipopanda ilimyumbisha kama ndama wa siku moja, akakwangua mkono kwenye ukuta wa banda, akapanda tena. Watoto wakaimba nyuma yake. Binti yake Lilian, aliyekuja kuangalia, akaona aibu akaondoka, kisha akarudi na kushika kiti kwa nyuma mpaka mama yake akanyooka.

Jumatatu, kabla ya kupambazuka vizuri, aliisukuma kwenye njia ya mawe hadi lami, suruali ndani ya gauni, buti za kazini zimefungwa mgongoni. Akapanda. Mwanzoni alishika breki kwa woga. Halafu barabara ikateremka taratibu, tairi zikaanza kuvuma, na hewa baridi ya mlimani ikamwingia kifuani mpaka akahisi kama anakunywa maji. Alipomwona mwenzake wa kazini akitembea ukingoni alitaka kumwita, akaogopa kuanguka. Shimo likaja, akanyanyuka kwenye kiti, likapita. Alifurahi kijinga, peke yake, kama mtoto aliyeiba sukari.

Alifika geti likiwa wazi. Mashine ya kuweka kidole, inayoandika saa uliyofika, ilikuwa ukutani, hatua chache ndani ya kizuizi. Mlinzi, Yiamat, kijana mwenye heshima, alimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, baiskeli haiingii."

Alidhani anatania. "Haiingii wapi?"

"Ndani. Chombo chochote kinaingia kwa stika. Baiskeli ni chombo."

"Stika inatolewa wapi?"

"Ofisini, ndani. Wanafungua saa tatu."

"Na mimi naingiaje kuifuata?"

Yiamat akatazama chini. "Unaingia mwenyewe, mama. Baiskeli unaiacha nje."

Nje palikuwa na mtaro na nguzo ya umeme. Kila mtu alijua kilichotokea kwa baiskeli zilizowahi kuachwa kwenye ile nguzo. Magdalena alimwomba aiweke nyuma ya kibanda chake, akakataa, kamera ilikuwa inatazama pale pale. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayesoma kibao alichoandikiwa na wengine, na saa ya ukutani nyuma ya kichwa chake ilikuwa inakaribia nusu.

Ndani, lori la baridi lilikuwa limewashwa, limejaa maboksi ya waridi ya kuwahi ndege. Lenyewe lilikuwa na stika. Kizuizi kikainuka kulipisha, na dereva akapiga honi.

Magdalena hakufikiri sana, na kama angefikiri pengine angeiegemeza baiskeli kwenye nguzo kama wenzake waliomtangulia. Aliisukuma mpaka katikati ya njia, akaiweka kiubavu mbele yake, akapanua miguu. Yiamat akaja akamshika mkono wa gauni, akavuta, akaachia. Hakukuwa na namna ya kumsogeza mtu yule bila yeye mwenyewe kutaka.

"Mama, hayo ni maua ya ndege. Hayasubiri."

"Leta hiyo mashine niweke kidole."

"Imepigwa misumari ukutani, mama."

"Basi nipishe nipite na baiskeli yangu."

Wanawake wa zamu, walioanza kuvaa makoti yao ya kazi, wakasimama mlangoni kutazama. Honi ikalia tena, ndefu. Magdalena alijua kwamba jioni huenda hatakuwa na kazi, wala akiba, wala wa kumkopesha kule kanisani. Aliogopa sana, akabaki pale pale.

"Mama Lilian," Yiamat akasema, sasa kwa sauti ya kuomba, "utanifukuzisha kazi."

"Tutafukuzwa wote, mwanangu. Ila mimi leo nimewahi. Angalia saa useme."

Yiamat akageuka akaitazama saa. Ilikuwa haijafika nusu.

"Umewahi," akasema.

Dereva wa lori akazima injini.