Kipande cha Mpira Kwenye Kopo

Kile kipande bado ninacho. Kimo kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo, na binti yangu Rehana akipangusa vumbi hulisogeza bila kuuliza.

Canter ya mwanangu Muhidini ilianza kutoa moshi Jumatatu. Gereji ya fundi Erasto iko hapa hapa Magomeni yetu, siyo ile ya Dar, nyuma ya nyumba yetu. Alikipindua kichwa cha gari, akamulika kwa simu, akanionyesha na mimi, maana nilikuwa nimewapelekea chai na sikuondoka. Chini ya tabo, ile feni inayoipulizia injini hewa, kuna mpira mfupi, hauzidi kiganja changu, unaorudisha oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ulikuwa umekauka kwa moto na kupasuka mahali pawili.

"Humu oili haisukumwi na kitu, bibi," Erasto aliniambia. "Inashuka yenyewe, kama maji ya mvua kwenye bati. Basi upana wa ndani uwe uleule, usipinde, usibanwe. Na uwe mpira wa oili, unaostahimili moto. Hapa dukani upo wa rejeta, mnene, mzuri wa macho, lakini huo ni wa maji. Wenyewe uko Dar. Tukiagiza leo, mpaka wautafute, unashuka na basi Ijumaa jioni."

Ijumaa asubuhi ndiyo siku wajukuu zangu wawili, watoto wa Rehana, walikuwa wanatoka jandoni Mahurunga. Mdogo wangu Suleimani, mjomba wa wanangu, alikwisha kutangaza kwa ndugu wote kwamba watoto wataletwa kwa gari la mpwa wake.

"Weka huo wa rejeta," alisema. "Mpira ni mpira."

"Tukodi gari la watu siku moja tu, mjomba," Muhidini alisema taratibu.

"Nikawatoe watoto wangu jandoni kwa gari la kuazima? Wanione sina mpwa?"

Nikasema, "Suleimani, mpira wa maji haupatani na mafuta." Mimi nimeuza mafuta ya nazi Mikindani miaka kumi na minane. Siku moja nilihamishia mafuta kwa kipande cha mpira wa bustani, nikakisahau mtungini. Siku ya tatu kilikuwa kimevimba, kinateleza kama kambale, na mtungi mzima nikaumwaga.

"Dada, hii ni injini ya Mjapani, siyo mtungi wa nazi!"

Gereji nzima ikacheka. Muhidini naye alitabasamu, akiangalia chini. Ana miaka arobaini na moja na watoto watatu, lakini mbele ya mjomba wake ni kama mtoto wa kaptula. Erasto akafuta mikono. "Mwenye mpwa ameshasema," akasema, akaukata mpira wa rejeta kwa kipimo.

Kwetu mjomba habishiwi mara mbili mbele ya mpwa wake. Ukiwa na neno unamfuata nyumbani kwake, na uwe na cha kumwonyesha mkononi. Kwa hiyo niliomba kile kipande kilichobaki, nikakitia kwenye kopo na oili chafu kidogo, nikaliweka kando ya jiko la mkaa lipate joto. Kwanza nilipima: kidole gumba changu kilipita ndani bila taabu. Jumanne kilipita. Jumatano kilipita kwa kusukuma. Alhamisi mchana kiligoma kabisa, na mpira ulikuwa laini kama muhogo uliopitiliza motoni.

Saa kumi nilijifunga kanga, nikaenda kwa miguu hadi Shangani kwa Suleimani, kopo nimelificha ndani ya kanga. Nikakuta mikeka imejaa wageni. Yeye yuko katikati, kanzu imepigwa pasi, wanamsifia gari.

"Dada, karibu! Njoo ule kwanza!"

Nikaketi. Nikala wali. Nikangoja wageni waondoke, nisimwaibishe mbele yao, wakaja wengine. Isha ikaadhiniwa. Nikarudi na kopo langu.

Yaliyotokea Ijumaa alinieleza Muhidini. Walipowachukua watoto Mahurunga na kuanza kurudi, moshi ulijaa nyuma na taa nyekundu ya oili ikawaka. Alitaka kusimama. Suleimani, aliyeketi kando yake, akamshika mkono. "Kijana akitoka jandoni hasimami njiani mpaka mlangoni kwa mama yake. Twende!" Huko nyuma ngoma zilikuwa zinapigwa, injini inagonga na hakuna anayeisikia. Kabla ya kufika Ziwani ikafa. Mpira ulikuwa umevimba, ukateleza ukachomoka kwenye klipu yake, na oili yote imechora mstari barabarani. Wajukuu zangu walifika kwa bodaboda, kanzu mpya zimekuwa nyekundu kwa vumbi.

Jioni hiyo basi la Dar lilileta mpira wenyewe, ulioagizwa Jumatatu hata hivyo. Muhidini alikwenda kuuchukua kwa miguu.

Jumapili Suleimani alikuja. "Ajali haina kinga, dada," akasema, akijipepea.

Nikalishusha kopo, nikaliweka mbele yake. Akakitoa kipande, akakibonyeza, kikabonyea.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ulikuwa kwangu."

"Nilikuwa kwako."

"Na kopo hili?"

"Nilikuwa nalo."

"Ukala wali, ukanyamaza."

"Nikala."

Muhidini alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi, lakini hayo aliyasikia.

Canter iko kwa Erasto, imepandishwa juu ya mawe, kuku wanataga chini yake. Injini nyingine hatuna pa kuitoa. Msimu umefunguliwa, na Muhidini anabeba magunia bandarini, korosho ambazo mwaka jana alizifikisha mwenyewe kwa gari lake. Muhidini anamwamkia mjomba wake kama zamani. Mimi pia ananiamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chai hiyo."

Anakunywa akiwa amesimama, anakwenda. Hajaniuliza neno. Kila asubuhi naketi namngoja aniulize kwa nini nilinyamaza, na jibu ninalo.