Masikio ya Miaka Saba

Bwana Unga alikuwa na majibu matatu, na kwa hayo aliendesha nyumba nzima. Mtu akiongea uso umetulia, alimjibu "sawa". Nyusi zikipanda, alijibu "tutaona". Mtu akicheka, naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Masikio yake yalikuwa yameliwa na mashine ya kusaga, polepole, miaka yote aliyosimama kando yake akipokea magunia ya watu. Hakumwambia mtu. Mashineni hakuna aliyegundua, maana mashineni hakuna anayesikia: mteja anaonyesha kwa vidole kama anataka unga laini au wa chenga, mwenye mashine anampigia kelele kwamba ameelewa, na kazi inaendelea.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kibarua. Kwa "sawa" zake, Bwana Unga alishajikuta amenunua makochi ambayo hayakupita mlangoni, na amekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaro wa maji machafu. Vikao vya kamati aliviongoza vizuri tu. Wajumbe walimsifu kwa kutowakatiza.

Kusema ukweli hakuthubutu, kwa sababu ya binti yake. Binti huyu ni mwalimu mkuu, ana sauti ya kufika ukuta wa nyuma wa darasa, na ndiye mtu pekee ambaye baba yake alimsikia bila shida. Alishatangaza mbele ya ukoo kwamba siku baba atakapoanza kuchoka mwili, mashine itafungwa, naye atakaa barazani apumzike. Bwana Unga alikuwa anawafahamu wazee waliokaa barazani wakapumzika. Aliwazika wote.

Basi akaamua kufa na tai shingoni, na mambo yakaenda, mpaka jioni moja mwezi uliopita. Mkewe, mwanamke wa sauti ndogo tangu usichana wake, alisimama mlangoni na nguo alizotoka kuanua, akasema jambo. Lilikuwa jambo refu kidogo. Giza lilikuwa limeanza kuingia na midomo yake haikuonekana vizuri, ila nyusi zilionekana zimepanda.

"Tutaona," alisema Bwana Unga.

Mkewe akaenda kukunja nguo. Tangu siku hiyo chakula kilikuja kwa wakati, maji ya kuoga yalikuja ya moto, na salamu ilikuja kavu. Bwana Unga hakuwa mjinga. Alijua ameulizwa kitu kikubwa na amekijibu vibaya. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba hakujua ni kitu gani, na hakuwa na njia ya kuuliza bila kujianika.

Akaanza kubahatisha. Alinunua mapazia mapya, mkewe akayatundika. Alirekebisha mlango wa jikoni uliokuwa unakwaruza. Mkewe akawa anapita hapo bila mlango kukwaruza. Alimpelekea shemeji yake kreti ya soda. Shemeji akashukuru sana na kuuliza kuna nini. Salamu ya asubuhi haikulowa.

Hapo ndipo binti alipoamuru kwamba Jumamosi familia nzima itakwenda makumbusho ya sayansi, yale makubwa ya kugusa kila kitu. Bwana Unga alisema "sawa", na safari hii alikuwa amesikia anachokijibu.

Jengo lilikuwa pana kama ghala la mazao, na mlangoni pameandikwa "Tafadhali gusa". Bwana Unga, aliyelea watoto kwa kuwakataza kugusa, aliona huu ni utovu wa nidhamu uliojengewa paa. Lakini kwenye ukumbi wa mitambo alilainika. Kulikuwa na magurudumu na mikanda, baiskeli iliyowasha taa ukiikanyaga, na kiti cha kujivuta juu kwa kamba na kapi. Mkewe alikaa kwenye kiti, akavuta, akapanda. Alitabasamu, akatazama kulia na kushoto akitafuta wa kutabasamu naye. Macho yake siku hizi yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho, na asingeweza kujua kwamba mumewe amesimama palepale mbele yake naye anatabasamu. Aliposhuka uso ulikuwa umesharudi ulipokuwa. Bwana Unga aliumia, akajifanya anakagua mkanda.

Nia yake ilikuwa kushinda hapo mpaka jioni. Ukumbi wa sauti aliuona kwa mbali na hakuupenda. Lakini mjukuu wake wa kike, mwenye miaka saba na nguvu za kuburuta gunia, alimkamata mkono.

"Babu, twende ukapimwe!"

Hilo alilisoma midomoni herufi kwa herufi. Alipokumbuka kusema "tutaona" alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti, amevalishwa vipokea sauti vya masikioni, na mbele yake pana kitufe chekundu. Mjukuu alikaa kiti cha pili, wakitazamana. Mashine ingetoa sauti nyembamba, kisha nyembamba zaidi, na kila anayeisikia abonyeze.

Bwana Unga alisubiri. Hakusikia kitu. Lakini mjukuu alikuwa mtu wa kubonyeza kwa mwili mzima. Kabla kidole hakijashuka, mabega yalikuwa yameshapanda na macho yametoka. Mzee aliyeishi kwa kusoma nyuso za watu hakuhitaji zaidi ya hapo. Mabega yakipanda, alibonyeza. Yakitulia, alitulia. Skrini ikafikiri kidogo, ikatoa matokeo: umri wa masikio ya kila mmoja.

"Bibi!" mjukuu alipaza sauti, maana bibi asingeweza kusoma maandishi yale. "Masikio ya Babu yana miaka saba! Kama ya kwangu! Babu anasikia kila kitu!"

Bwana Unga alivua vile vya masikioni akiwa amejaa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani kwa kuibia. Akamgeukia mkewe. Mkewe alitamka neno moja, na neno lenyewe lilikuwa jepesi kusoma.

"Kumbe."

Akampa mgongo, akaondoka.

Bwana Unga alichukua muda mfupi kuelewa. Kama masikio yake ni ya miaka saba, basi jioni ile alisikia. Alisikia kila neno, akaamua kusema "tutaona". Njia pekee ya kujitetea aliyokuwa nayo duniani alikuwa ameiziba kwa kidole chake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na kwa ushindi.

Mjukuu hakuona tatizo. Alishagundua madishi mawili makubwa, kila moja refu kuliko mtu, yamewekwa ncha mbili za ukumbi yakitazamana. Mtu anasimama mbele ya dishi lake, uso kwenye dishi, mgongo kwa mwenzake. Ananong'ona, madishi yanaikusanya sauti yote mahali pamoja, na yule wa upande wa pili anaisikia kama amesemeshwa sikioni. Alimpeleka bibi kule, akarudi mbio kumsimamisha babu huku.

"Bibi anakwambia siri," alisema, akimwelekeza kwa vidole aweke kichwa hapo.

Bwana Unga aliweka kichwa. Alikuwa tayari kucheka mwishoni kwa kuchelewa kidogo, kama kawaida.

Sauti ya mkewe ikaingia sikioni.

Haikutoka mbali. Ilikuwa pale pale, nzima, na mkwaruzo wake mdogo ambao alikuwa ameshausahau. Kwa miaka mingi mke huyu amekuwa midomo na nyusi. Bwana Unga alishika ukingo wa dishi.

"Sikujua niseme nini, mtoto kanilazimisha," sauti ilisema. "Basi nitasema hili. Nilikuomba uje nami hospitali siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Ukasema tutaona. Nikajipa moyo kwamba labda hukusikia, umri umekwenda. Sasa nimejua ulisikia. Sitakuomba tena, nitakwenda na jirani. Ila nilitaka ujue naogopa. Watanitia kisu machoni na naogopa sana. Basi, ni hilo tu."

Mtu mwingine hapo angenong'ona. Madishi yale yametengenezwa kwa kunong'ona, na maelekezo yameandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Lakini Bwana Unga ni mtu wa mashineni, na mtu wa mashineni akiwa na neno zito analipeleka kwa mapafu yote.

"NITAKWENDA NA WEWE!" alinguruma ndani ya dishi. "SIKUSIKIA! MIMI SISIKII, MAMA WATOTO! NI KIZIWI! NIMEIBIA MTIHANI KWA MTOTO!"

Kule ng'ambo mkewe aliruka akashika sikio. Ukumbi ukasimama. Darasa zima la wanafunzi waliokuwa wanapiga mabomba ya muziki liligeuka. Binti, mwalimu mkuu, alitokea mbio kutoka ukumbi wa mitambo. Mhudumu mwenye fulana ya njano alimkaribia Bwana Unga kwa adabu zote.

"Mzee," alimwambia, "hapa tunanong'ona."

"Sawa," alisema Bwana Unga, ambaye hakumsikia.

Alikuwa anamtazama mkewe akija. Alikuja taratibu, mkono mmoja mbele, akiwapapasa wanafunzi vichwani ili apite. Bwana Unga aliwaza mashine, kufuli, na kiti cha barazani, kisha hakuwaza tena, kwa sababu mkewe alikuwa amefika na machozi yanamtoka. Alimsogelea karibu kabisa, akasema jambo, lakini midomo ilikuwa inatetemeka na haikusomeka.

"Nini?" aliuliza Bwana Unga.

Mkewe akasema tena.

"Sijasikia, mke wangu. Nini?"

Mwanamke yule alitazama kulia, walikokuwa wanafunzi, na kushoto, alikokuwa binti yake na mhudumu wa fulana ya njano. Maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti mbele za watu. Alivuta pumzi.

"NILIDHANI UMENICHOKA!"

Mwalimu wa darasa lile aliwageuza wanafunzi wake waangalie ukuta.

"Sijakuchoka," alisema Bwana Unga. Na kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua kama amesikika vya kutosha, akarudia.