Mita Mia Tatu Kusini

Jumatatu hiyo Kanini aliliweka daraja juu ya ramani, na daraja likakataa kukaa.

Ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya katika ofisi ya wahandisi pale mjini Wote. Nairobi walikuwa wamelichora daraja zima ndani ya kompyuta, nguzo kwa nguzo, nondo kwa nondo, hata boliti za vyuma vya kando zikiwa na namba zake. Wenyewe waliliita modeli. Kanini yeye alikuwa mtu wa ramani: mito, mashamba, shule, njia za ng'ombe, vyote vikiwa vimepimwa kwa satelaiti. Modeli ilipaswa kushuka juu ya ramani na kusimama mahali pake, ili barabara mpya ya kutoka Matiliku kwenda upande wa Kitui ipangwe bila mtu kubahatisha.

Basi daraja lilishuka. Likaenda kusimama katikati ya bwawa la mchanga la akina mama.

Kwenye ramani za serikali bwawa hilo halikuwepo kabisa, na mtu mwingine angelipita bila kushtuka. Kanini alishtuka kwa sababu lilikuwa bwawa la kwao. Alikuwa na miaka tisa wakati mama yake na wanawake wengine thelathini walipolijenga kwa mwethya, ile kazi ya kusaidiana ambayo Ukambani hakuna anayeikwepa kisha akawa na uso wa kukutana na watu sokoni. Walibeba mawe kichwani kutoka mlimani, wakajenga ukuta kukatiza mto Kalusi. Mvua zilipokuja, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na maji yakabaki ndani ya mchanga. Mto wenyewe hukauka kufikia Juni, lakini ukichimba hapo hupati vumbi, unapata maji, mpaka mvua za Novemba. Nyumba zaidi ya mia mbili huchota hapo, na mifugo yao hunywa hapo. Nguzo ya kwanza ya daraja ilipangwa kupita katikati ya ukuta huo.

Alimpigia simu Yvonne, msichana wa Nairobi aliyeichora modeli.

“Yvonne, hizi namba za mahali daraja linakaa ulizitoa wapi?”

“Nilipewa na Engineer Muigai. Ziko kwa ile ramani ya zamani, ile ya karatasi. Kuna mahali walidrill mwamba kitambo wakamark.”

“Na ulizigeuza?”

“Kuzigeuza aje?” Yvonne aliuliza.

Kanini alishika kichwa. Ramani za zamani za karatasi zilianza kuihesabu dunia mahali pamoja, na satelaiti huanza kuihesabu kwingine. Ukichukua namba za karatasi ukazitia katika ramani ya satelaiti vivyo hivyo, basi katika nchi hii kila kitu kinaruka karibu mita mia tatu kuelekea kaskazini. Ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa asilifanye, na wakubwa hulifanya kila siku kwa kuwa wakubwa hawapendi kuuliza.

Alizigeuza namba mwenyewe. Daraja likasogea kusini, likakaa juu ya mwamba, ukingo kwa ukingo, mahali ambapo mto ni mwembamba. Lilikaa vizuri hata akatabasamu. Kisha akaifuata barabara kwa macho ikipanda kutoka darajani, na tabasamu likamwisha. Barabara ilipita katika shamba la baba yake, mzee Kitonga, na mstari wake wa katikati uligusa kaburi la mama yake. Ilikuwa miaka minne tangu wamzike. Kanini aliichukia ramani hiyo kwa moyo wake wote, na ni yeye aliyeitengeneza.

Hata hivyo aliipeleka kwa Engineer Muigai siku hiyo hiyo. Muigai ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi, mtu nadhifu, mwenye buti za kazi ambazo hazijawahi kuona tope.

“Kwa hivyo unataka nimwambie client tulikosea?” aliuliza.

“Ndio, Engineer.”

“Design imeshapitishwa. Alhamisi tuko na public participation. Wewe sogeza ramani yako ikutane na modeli, tuendelee.”

“Ramani nitasogeza, Engineer. Mto utasogezwa na nani?”

Muigai hakucheka. Aliinama kwenye kompyuta, akasoma jina la mwenye shamba, akamwangalia Kanini. “Kitonga ni nani wako?”

“Ni baba.”

“Na hapa?”

“Kaburi la mama.”

Hapo sauti ya Muigai ikalainika, na ndipo Kanini alipomwogopa kwa mara ya kwanza. “Kanini, fikiria kama mtu mzima. Tukiiacha vile iko, kwenu hakuguswi. Mama yako analala na amani. Mimi naokoa miezi sita. Hao wamama tutawajengea bwawa lingine.”

“Huo mchanga ulichukua miaka saba kujaa. Watakunywa nini wakingojea?”

“Hilo bwawa liko kwa ramani gani? Nionyeshe.”

Hakuwa na ramani ya kumwonyesha. Na ukweli usemwe hapa, bila kumpamba mtu: Kanini alitamani kunyamaza. Alirudi kwenye kiti chake na kwa saa nzima aliutazama mstari ule ukiwa kaskazini, mbali na kaburi, akajiambia kwamba yeye si chifu wala mbunge, kwamba wahandisi ndio wanaotia sahihi. Kisha akamkumbuka mama yake akirudi jioni shingo imekufa ganzi kwa mawe, akiimba. Akaona haya. Aliandika barua ya marekebisho, akaitia bwawa, akaitia namba zote mbili, za zamani na za sasa, ila hakuituma. Kulikuwa na mtu aliyestahili kuambiwa kwanza.

Jumatano mchana alienda nyumbani. Baba yake alimsikiliza akiwa ameketi kibarazani, kofia juu ya goti.

“Kwa hivyo unataka kumfukua mama yako,” alisema mzee Kitonga.

“Sitaki, Baba.”

“Basi nyamaza.”

“Nikinyamaza wanabomoa bwawa lake.”

“Wewe ulisomeshwa upime mashamba ya watu au upime la kwangu?” Mzee aliinuka, akavaa kofia yake, akaenda kufungua mbuzi ambao hawakuwa wamefungwa. Hakurudi hadi Kanini alipoondoka. Kanini alilia njia nzima hadi barabarani, akafuta uso, na kesho yake asubuhi akaituma barua kwa kaunti ikiwa na jina lake chini.

Alhamisi watu walikutana ukingoni mwa mto. Kampuni ilileta hema, jenereta, skrini kubwa na kreti za soda. Karatasi ya mahudhurio ilizunguka ikitiwa sahihi, karatasi ambayo baadaye huhesabiwa kuwa kukubali, na wenye kuileta wanajua hivyo na wenye kuisaini hawaambiwi. Kwenye skrini daraja lilimetameta chini ya anga ya buluu, na gari jeupe likipita juu yake. Watu walipiga makofi. Nani asingepiga? Kila msimu wa mvua mto huu huwafungia watoto ng'ambo.

“Sasa mtaalamu wetu wa ramani, ambaye ni msichana wa hapa hapa, atatueleza,” Muigai alisema, akimpa kipaza sauti na jicho moja kali.

Kanini hakukichukua. Aliizima skrini. Akabeba mashine yake ya kupimia kwa satelaiti na vigingi vya mbao vyenye vichwa vyekundu.

“Hii picha ni nzuri,” alisema, “lakini haisemi iko wapi. Twendeni mtoni niwaonyeshe inakaa wapi.”

Walimfuata, chifu mbele, soda mikononi. Alitembea juu ya mchanga akiangalia namba, hatua kwa hatua, mpaka zikalingana na zile za modeli. Akasimama juu ya ukuta wa bwawa. “Nguzo ya kwanza ni hapa nimekanyaga.”

Mama Kiema, mwenyekiti wa mwethya tangu siku ya jiwe la kwanza, alisukuma watu akapita. “Hapa wapi? Huu si ukuta wetu?”

“Ni ukuta wenu, Mama.”

“Na kwa ile picha uko wapi?”

“Haukuchorwa.”

Mama Kiema hakupaza sauti. Alivua viatu, akaketi juu ya ukuta, miguu ikining'inia. Mwanamke mwingine akaketi karibu naye, kisha mwingine, mpaka ukuta wote ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo. “Haya,” alisema Mama Kiema, “leteni hiyo nguzo.”

Muigai alijipangusa jasho. Hakuwa mjinga. “Wamama, tusikasirike. Daraja linajengwa mahali kuna mwamba. Mwamba ulitobolewa na ukapimwa zamani, na ripoti inasema ni hapa. Huyu anasema ni kusini. Sawa. Kuna mtu yeyote aliona wakitoboa kusini?”

Wengi wa waliokuwepo walikuwa watoto wakati huo, na wengine hawakuwa wameolewa bado.

“Kusini ni kwa baba yangu,” Kanini alisema. “Kaburi la mama liko hapo. Nimepima na nimerudia. Sipati faida yoyote kwa kusema hivi, na bado nasema daraja ni la kule.”

“Hizo ni namba zako,” Muigai alijibu. “Mimi nimeuliza shahidi.”

Kanini hakumtazama baba yake, aliyekuwa amekuja na kusimama nyuma ya watu. Aliapa moyoni kwamba hatamtazama, kwa kuwa kumtazama kungekuwa kumlazimisha, na mzee alikuwa na haki ya kunyamaza ambayo hakuna mashine ingeweza kuipima. Alikaza macho kwenye kigingi alichokuwa amekishika.

“Mimi niliona,” alisema mzee Kitonga kutoka nyuma.

Watu wakageuka.

“Walikaa kwangu siku nane na mashine yao. Chai walikunywa kwa mke wangu. Shimo waliziba na simiti na chuma katikati. Hapa kwa bwawa hawakukanyaga.” Akakohoa. “Liko bado. Kujeni.”

Aliwatangulia kando ya mto, haraka kuliko mtu wa umri wake. Upande wa chini wa shamba lake alisukuma nyasi kavu kwa mguu, na hapo palikuwa na duara la simiti lililopasuka, chuma chenye kutu kikichungulia. Kanini aliweka mashine juu yake. Namba zilikuwa zile alizozipata ofisini, tofauti ikiwa hatua mbili tu. Hakufurahi. Alimwonyesha Muigai kioo cha mashine.

Muigai alisoma, akasoma tena. “Jumatatu usikuje kazini,” alimwambia kwa sauti ya chini.

“Nitakuja,” Kanini alisema, na hakuishusha yake. “Na barua iko kaunti tangu asubuhi, bwawa liko ndani na jina langu liko chini. Ukinifuta nifute. Lakini hili daraja halirudi kule.”

Kilichobaki ni kuuonyesha mstari wa barabara. Walipanda ukingo hadi kwenye kaburi, na mfanyakazi wa kampuni akachukua nyundo, akaona msalaba, akasita.

“Lete hiyo nyundo,” mzee Kitonga alisema. “Hakuna mtu mwingine atampigia mke wangu kigingi.”

Kanini alipiga magoti akakishika kigingi. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote na hakuyafuta. Baba yake alipiga mara nne, polepole, akiangalia vidole vya binti yake.

Mama Kiema alikuwa amekwisha kutoa kifuani kitabu cha mwethya, cha majina ya wenye kuja kazini. “Siku karatasi za kumhamisha zikitoka,” alitangaza, “kila nyumba mtu mmoja na jembe, saa moja asubuhi. Tunamhamisha mwenzetu, na tunamjengea vizuri kuliko hapa. Asiyekuja faini ni jogoo.” Akalamba ncha ya kalamu, akamgeukia Muigai. “Na wewe Engineer, jina lako la pili ni nani?”

Muigai alimtazama Kanini, akamtazama chifu. Akalitaja. Mama Kiema aliliandika kwa herufi kubwa, chini ya la Kitonga, juu ya la chifu.