Kina Nuradin wa Mowlem

Nimco alikuwa fundi wa kuchomelea mageti katika mtaa wa Mowlem, na alitaka kuwa msimamizi wa mafundi. Akaenda kwa Nyawira, aliyewashauri wanawake kuhusu kazi kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Siku hizo Nyawira alikuwa ameanza kutumia programu ya akili unde kwenye simu yake. Akaandika habari za Nimco, na simu ikajibu bila kusita: awe mhudumu wa mapokezi, kwani tabasamu lake litamfikisha mbali.

"Hii kitu imeniona wapi nikitabasamu?" Nimco akauliza.

Nuradin, mlinzi wa ukumbi, aliacha kufagia. "Hebu weka jina langu tuone."

Nyawira akabadilisha jina tu. Papo hapo programu ikampongeza Nuradin kwa ufundi wake na kumpendekeza awe meneja wa ujenzi.

Basi kila mwanamke akataka kuwa Nuradin. Triza, msusi, akajiita Nuradin, akapewa kiwanda. Kasiva, mjamzito, akaambiwa ana mabega ya kubebea mihimili. Nuradin mwenyewe alipoweka habari zake akafanywa mkurugenzi, aliketi akamwomba Triza amalizie kufagia.

Hakuna aliyejua kwamba programu ilikuwa ikituma maombi ya kazi kwa jina hilo bila kuagizwa. Jumamosi iliyofuata akaingia Mzee Wahome, mwanakandarasi kutoka Tassia, na ombi moja mkononi.

"Namtafuta Nuradin."

Ukumbi mzima ukasimama. Wahome akawatazama mmoja mmoja, macho yakatua kwa Kasiva.

"Nuradin, una mimba?"

"Ya miezi saba, mzee."

Nyawira alitamani ardhi immeze. "Kosa ni langu, mzee. Niliiachia mashine iwasemee hawa bila kuwauliza, wala sikuikagua." Akamweleza yote.

Wahome akacheka hadi akatafuta kiti. "Sasa anayejua kuchomelea ni nani?"

"Ni mimi, Nimco. Nimco Yonis."

Wahome alimjaribu kazini mwezi mmoja, akamkabidhi mafundi wake.

Nyawira hakuitupa programu. Aliizuia kutuma chochote, na kila ushauri huujaribu kwa jina la kike na la kiume. Majibu yakitofautiana, anauacha. Wiki jana ilimshauri yeye mwenyewe aache kazi hiyo akapange maua. Aliwasomea wanawake. Wakaujadili ushauri huo kwa uzito wote, wakapiga kura, wakaukataa.