Kifaa Kisicho na Mwanya

Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla sijaingia dukani kwa Sahra, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mke wangu Musimbi alikuwa amepoteza macho kwa ugonjwa wa sukari, hawezi tena kusoma kitabu chake cha nyimbo. Niliazimia kumnunulia kile kifaa kidogo cha kuchezea muziki, cha kushikwa mkononi, ili nyimbo za ibada zimfikie kitandani nyumbani kwetu, kijijini Ziwa. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na kwaya nimeiongoza miaka thelathini na miwili. Sikuona kwamba palikuwa na mtu Eldoret nzima wa kunishauri juu ya nyimbo.

Sahra aliweka vifaa viwili juu ya kaunta ya kioo. Cha kwanza kilikuwa cheusi, chenye kitufe chekundu cha kurekodia sauti, na ubavuni mwanya mwembamba wa kuingizia memori kadi. Cha pili kilikuwa cheupe, laini kama kipande cha sabuni. Ndani yake zilikuwamo tayari nyimbo mia tatu za ibada pamoja na Biblia nzima, wala hapakuwa na mahali pa kuongeza neno.

“Mzee, chukua hii nyeusi,” alisema Sahra. “Mama atawekewa kitu yoyote anapenda. Hata wajukuu wanaweza kumrekodia salamu.”

“Sina wajukuu.”

“Basi watoto.”

“Hana mtoto wa kumrekodia.”

Sahra alinitazama kidogo, akakisogeza kile cheusi karibu nami hata hivyo. “Bado ni mzuri, Mzee. Hii nyeupe, ikishaimba zake imemaliza.”

“Ndiyo sababu naitaka. Kifaa kisicho na mwanya hakiingii uchafu.”

“Wallahi, Mwalimu!” Alicheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. “Unanunulia Mama muziki ama unamjengea geti?”

“Nifungie cheupe.”

“Na kama Mama atataka kitu haiko ndani?”

“Hatataka,” nilijibu.

Nilijibu upesi, ingawa asubuhi ile ile Musimbi alikuwa amenishika mkono wa koti mlangoni. “Mwalimu,” aliniambia, “uangalie ile iko na mahali pa kadi.” Nikamwuliza, kadi ya nini? Alipapasa bega langu mpaka akapata uzi uliokuwa umening’inia, akauondoa. “Basi,” akasema. “Vile utaona.”

Hakuwa akiniita Mwalimu tangu mwanzo. Zamani aliniita Baba Jackson, na majirani wote waliniita hivyo, kwa kuwa Jackson ndiye mtoto tuliyejaliwa, mmoja tu. Mimi ndimi niliyemfundisha kinanda cha kanisani akiwa bado hafikishi miguu chini. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliambiwa kwamba jioni za Jumamosi anapiga gitaa katika baa mjini, kisha Jumapili asubuhi anaketi kwenye kinanda chetu. Nilimsimamisha mbele ya wazee wa kanisa, nikamwambia asikanyage kwangu mpaka aache. Aliondoka akiwa na gitaa lake na begi moja. Baadaye tulisikia yuko Juba, anatengeneza jenereta. Simu ya nyumba yetu ni moja, nayo hukaa katika mfuko wa koti langu. Alipopiga, nilikata. Akapiga mwaka mzima, halafu akaacha. Aliyeniita Baba Jackson nilimsahihisha kama nilivyosahihisha imla, mpaka Ziwa yote ikajifunza. Musimbi alijifunza pia.

Nilimpelekea kifaa cheupe, nikamwonyesha kwa vidole vyake mahali pa kuwashia. Alinishukuru. Nyimbo zenyewe ziliimbwa kwa haraka isiyo na adabu, huku ngoma ya mashine ikipiga chini yake, lakini niliona ni afadhali. Kila alasiri alikiweka kifuani akasikiliza. Mara nyingi nilimwona akikizungusha polepole, kidole cha shahada kikipita kwenye ubavu mmoja, kisha wa pili, kisha chini, kisha juu. Nilidhani anapendezwa na ulaini wake. Hata niliwaeleza wenzangu kanisani jinsi alivyokipenda.

Mwezi wa nane alipatwa na kiharusi. Tulimfikisha katika hospitali ya misheni kule Plateau akiwa hai, lakini upande wa kulia ulikuwa umelala na ulimi haukutii tena. Alisikia kila kitu. Kusema ndiko alikokuwa hawezi, hata neno moja.

Muuguzi alinikabidhi nguo alizokuja nazo. Kulikuwa na kitambaa chake cha mkononi, kimefungwa fundo kwenye pembe kama wanawake wa rika lake wanavyofunga sarafu za sadaka. Nililifungua fundo. Ndani yake kulikuwa na memori kadi, ndogo kama ukucha.

Nilijua kabla ya kujua. Jirani yetu Okeyo huendesha lori la mizigo kwenda Juba na kurudi, na mwezi wa tatu, siku chache kabla sijanunua kile cheupe, nilipokuwa kwenye kikao cha kanisa, alikuwa amempitia Musimbi kumjulia hali. Nilikuta vikombe viwili vya chai juu ya meza. Sikuuliza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sahra. Kifaa cheusi bado kilikuwa nyuma ya kioo.

“Umerudi, Mzee! Ile nyeupe imeharibika?”

“Haijaharibika. Tafadhali niwekee hii.”

Aliisukuma kadi ubavuni mwa kifaa, ikaingia kwa mlio mdogo. Sauti ya mwanamume ilisema, “Mama, ni mimi.”

“Zima,” nikamwambia.

Sahra alizima. Hakucheka safari hii. Alinionyesha kitufe chekundu: kubonyeza mara moja ni kuanza, mara ya pili ni kumaliza. Halafu akauliza taratibu, “Huyu ni nani, Mzee?”

“Ni mtoto wake,” nilisema, na kaunta ile ile ndiyo iliyokuwa kati yetu.

Kule Plateau niliketi upande wa kushoto wa kitanda, ule wenye uhai. Nilimweleza Musimbi kwamba nimeiona kadi. Vidole vyake vilinikaza mkono, sijui kwa hofu au kwa hasira. Nikawasha.

“Mama, ni mimi. Okeyo ameniambia kuhusu macho. Pole, Mama. Simu najua iko na nani, ndiyo maana nimeongea kwa kadi. Niko sawa. Gitaa bado napiga, sitakudanganya. Lakini nimechoka kukaa kama mtu hana kwao. Nataka kujua kitu moja tu, kama naweza kuja nyumbani. Tafuta mashine iko na kitufe ya kurekodi, useme neno moja, hata jina langu tu, umpatie Okeyo kadi. Kuna watu wananiita kazi mbali zaidi na hapa. Nitangoja mpaka mwisho wa Juni. Nisiposikia sauti yako, nitajua jibu la Baba limekuwa jibu la nyumba yote.”

Baada ya hapo alipiga wimbo. Haukuwa wa baa. Ulikuwa ule wa jioni ambao Musimbi alizoea kuuanzisha kwaya yetu ilipofunga ibada, na gitaa lilifuata sauti ya tatu, kila noti mahali pake, kama nilivyomfundisha kwa fimbo juu ya meza. Machozi ya Musimbi yalitoka kwenye macho yasiyoona yakaingia masikioni. Nilimpangusa vibaya, sikuwa na mazoezi.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Agosti. Tangu mwezi wa tatu mpaka mwisho wa Juni alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na kifaa cha kurekodia, nami ndimi niliyemchagulia cheupe. Sasa kifaa kilikuwapo.

Wimbo ulipokwisha, aliuachia mkono wangu, akakipapasa kile cheusi. Kidole chake kilipita ubavuni kikaupata mwanya, kikatulia hapo. Halafu kikapanda kikatafuta kitufe cha kurekodia, akakibonyeza yeye mwenyewe, akakisukuma kifaa juu ya blanketi mpaka kikanigusa.

Nimehutubia wazazi na wakaguzi wa shule, nimesoma risala mbele ya wakuu wa wilaya. Siku hiyo sikuwa na sentensi. Nilitaka kueleza kwamba mama yake hakunyamaza kwa kupenda, na kwamba jibu la nyumba lilitolewa bila nyumba kuulizwa. Mwisho nikasema, “Jackson, mama yako hawezi kusema. Huyu ni Baba Jackson.” Nikakisogeza kifaa karibu na mdomo. “Kosa ni langu. Njoo nyumbani. Gitaa usiliache.”

Niliposikiliza baadaye, kadi ilikuwa imenasa dakika nne, na zaidi ya tatu hazina maneno. Ni pumzi za Musimbi tu, zinakwama, zinaendelea. Sahra aliniambia anaweza kuikata sehemu hiyo. Nilimkataza. Ndiyo sauti ya mama yake iliyosalia.

Okeyo alipita na lori siku ya Alhamisi. Nilimpa kadi mkononi barabarani, ndani ya kile kitambaa, nikalifunga fundo upya ingawa vidole vyangu havijui kulifunga kama vya Musimbi.

“Sijui kama bado yuko huko, Mwalimu,” alisema. “Tangu Juni sijamwona pale pake pa kawaida.”

“Niite Baba Jackson,” nikamwambia.

Alinitazama kutoka dirishani mwa lori, akaitia kadi mfuko wa shati, akawasha injini.